Barzilai Alipofika Themanini

Wapendwa, Bwana asifiwe. Somo la wiki hii ni 2 Samweli 17:27-29, kisha 19:31-39. Linamfaa hasa anayejiandaa kumwadhimishia rafiki mzee siku yake ya kuzaliwa, awe anatimiza 70, 80 au 90.

Sherehe za kuzaliwa zinazojulikana zaidi katika Biblia ni ya Farao na ya Herode, na zote mbili zilimwaga damu: mkuu wa waokaji alitundikwa, Yohana Mbatizaji akakatwa kichwa. Tusianzie huko. Tuanzie kwa Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80, rafiki aliyejulikana siku ya taabu.

Mfalme Daudi alikuwa anamkimbia mwanawe Absalomu, aliyemwasi. Alipofika mji wa Mahanaimu, Barzilai, Shobi na Makiri walimpelekea yeye na watu wake vitanda, mabakuli, vyombo vya udongo, ngano, shayiri, unga, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo na jibini. Mwandishi angeweza kusema tu kwamba walimsaidia sana, yakaisha. Lakini alitaja hadi dengu. Huo ndio ushuhuda unaostahili kutolewa mbele ya rafiki wa miaka mingi. Maneno kama "ni mtu mwema, mcheshi, mcha Mungu" yanamfaa yeyote, na mara nyingi ndiyo hayohayo yatakayosomwa siku ya mazishi yake. Mpeni sasa yale ambayo ni yake peke yake.

Kazi ya kukusanya kumbukumbu za kitabu atakachopewa ianze wiki sita kabla, na ishikwe na mtu mmoja. Ikishikwa na kamati, kila mjumbe hudhani mwenzake ameshapiga simu. Kila rafiki aulizwe maswali mawili tu: alikufanyia nini ambacho hujakisahau, na ni neno gani lake unalolirudia hadi leo? Nusu ukurasa unatosha. Wengi wataleta sifa tupu, maana sifa ni rahisi kuandika. Msizikatae. Mrudishie mwandishi na swali moja fupi: ilikuwa lini, mlikuwa wapi, alifanya nini hasa? Aliyeandika "alinitia moyo nilipougua" ataongeza kwamba alikuja kila Jumatano jioni, akawafulia watoto sare zao, hakuhubiri hata mara moja. Hilo la kutohubiri ndilo litakalomfanya mzee acheke.

Miaka huchanganywa. Marafiki wa miaka 50 watagombana kama ubatizo ulitangulia arusi au la. Tazameni nyuma ya picha za zamani, vyeti vya ubatizo na vya ndoa, kabla ya kuchapa chochote. Halafu mwenzi wake au mwanawe mkubwa asome yote kwanza, kwa sababu kuna mambo rafiki huyaona ya kuchekesha ambayo ndani ya nyumba bado yanauma: deni, ndoa iliyovunjika, mtoto aliyefariki. Kitabu chenyewe kichapwe kwa herufi kubwa, saizi 16 au 18, wino mweusi, kwenye karatasi isiyong'aa. Karatasi inayong'aa hurudisha mwanga machoni, na mzee atakifunga kwa adabu asikifungue tena.

Vita vilipokwisha, Daudi alitaka kumlipa Barzilai fadhila. Akamwalika Yerusalemu akale mezani pa mfalme. Mzee akakataa kwa unyoofu ambao wengi wetu hatuuzoei: ana miaka 80, chakula hakimpi ladha tena, sauti za waimbaji hazisikii, ya nini awe mzigo kwa mfalme? Zawadi ilikuwa nzuri, ila mwili wake haukuiweza. Daudi hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, mzee akarudi kwake.

Kwa hiyo kabla ya kukodi ukumbi na muziki, muulizeni mwenyewe. Sherehe ya kushtukiza mimi siipendi kwa mtu wa umri huu. Wengi wanataka kujua mapema nani anakuja, wapumzike, wapange saa za dawa. Asubuhi kwa kawaida ni bora kuliko jioni, na saa mbili zinatosha. Masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile zinazotenganisha "s" na "f". Ndiyo maana husema "nasikia watu wanaongea ila sielewi wanachosema". Kupiga kelele hakusaidii. Msemaji amkabili, aseme polepole kwa sauti nzito kidogo, na muziki uzimwe kabisa wakati wa maneno, kuupunguza hakutoshi. Mzee aketi ukuta ukiwa nyuma yake, kwenye kiti chenye mikono, karibu na choo. Wasemaji wasizidi watatu, dakika nne kila mmoja. Nyimbo ziwe zile alizoziimba ujanani, kwa ufunguo wa chini, naye ataimba kuliko wote.

Kama kumbukumbu zake zimeanza kupungua, msimwulize "unanikumbuka?" Swali hilo ni mtihani, na akishindwa mbele za watu anaumia. Jitajeni: "Ni mimi fulani, tuliimba wote kwaya." Na msikwepe kutaja marafiki waliotangulia. Katika umri huo rika lake wengi wameshalala, naye ndiye anayewawaza zaidi siku hiyo. Wasomwe kwa majina katika sala ya shukrani, mmoja mmoja, bila haraka.

Andiko nalo lichaguliwe kwa uangalifu. Zaburi 90:10 hupendwa kwa sababu ya miaka 70 na 80, lakini mstari huohuo unaendelea kusema juu ya taabu na kupita upesi, na nimeona vitabu vya ratiba vikiukata katikati. Someni Isaya 46:4, Mungu anayebeba hata wakati wa mvi, au Zaburi 92:14, ya watakaozaa matunda hata uzeeni. Kalebu wa miaka 85 katika Yoshua 14 ni mzuri pia, ila kwa mzee mwenye nguvu. Aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kusikia kama anasutwa.

Turudi kidogo kwa Daudi. Barzilai alipokataa kwenda, alimtoa Kimhamu, anayedhaniwa kuwa mwanawe, aende badala yake, na Daudi akaahidi kumtendea lolote ambalo mzee angeliona jema. Miaka baadaye, akiwa karibu kufa, Daudi alimwagiza Sulemani kwamba wana wa Barzilai wale mezani pake (1 Wafalme 2:7). Basi siku ya sherehe, kabla ya kuaga, chukueni namba ya simu ya mtoto au mjukuu mmoja wa rafiki yenu, mumpigie wiki inayofuata, wageni wakiwa wameondoka na nyumba imerudi kimya, mumwulize mzee ameamkaje na kama ameanza kusomewa kile kitabu.