Hewa iliyovimba kupita kiasi: jinsi nilivyotatua

Siku mbili kabla ya kipindi cha kidato cha tatu nilijaribu mwenyewe jaribio la sheria ya Charles: kanieneo (mgandamizo wa gesi) isipobadilika, ujazo wa gesi huongezeka kulingana na halijoto yake katika kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273. Mrija mwembamba wa kioo, ncha moja imezibwa, tone la maji likifunga hewa ndani, na mrija wote umetumbukizwa kwenye chombo cha maji ya kupashwa moto. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi hewa ilikuwa na urefu wa mm 100. Kwenye 60 ilifika 138!

Kanieneo haikubadilika, maana ncha ya pili iko wazi. Nikarudia hesabu ya urefu uliotarajiwa kwa kelvini, mm 100 mara 333 kugawanya kwa 293, nikapata takriban mm 114. Hesabu ilikuwa sawa. Basi kosa lilikuwa kwenye mrija.

Nilipousogeza dirishani niliona ukungu ndani ya kioo, juu kidogo ya tone. Mvuke! Lile tone lilikuwa likigeuka mvuke na kuongeza gesi kwenye hewa iliyofungwa kila maji ya chombo yalipopata moto. Gay-Lussac, mwanasayansi Mfaransa aliyechapisha kanuni hii mwaka 1802, alihangaika sana kukausha gesi zake, sasa namwelewa.

Nikakausha mrija mpya kwenye oveni, nikaweka tone la asidi kali ya salfuriki, ambayo hunyonya unyevu. Nikapasha tena maji ya chombo hadi nyuzi 60, nikayakoroga, nikasubiri dakika tatu kabla ya kusoma. Mm 114.