Siku yangu karakanani: mwanga hupinda usoni mwa lenzi

Saa 1:30 asubuhi

Duka letu la miwani lipo Moshi mjini, na karakana ya kusaga lenzi ipo nyuma yake, ambako kazi yangu huanza kabla wateja hawajafika. Kifaa cha kwanza ninachowasha ni lensomita, yaani kipima lenzi, kwa kuwa hakuna miwani inayotoka hapa bila kupita juu yake. Nikishahakikisha kwamba kinasoma sifuri pasipo lenzi, ninapitia trei za kazi, kila moja ikiwa na fremu, jozi ya lenzi na karatasi ya vipimo. Karatasi hizo zimejaa plasi na mainasi, lakini zote husema jambo moja: mwanga unaoelekea kwenye jicho la mtu huyu ubadilishiwe njia kwa kiasi gani.

Wateja wengi huamini kwamba lenzi humwongezea mtu nguvu ya macho na kwamba nguvu hiyo imo katika unene wake. Sivyo ilivyo. Mwanga hupinda mara mbili tu, unapoingia kwenye uso wa mbele na unapotoka kwenye uso wa nyuma, na humo katikati husafiri kwa mstari ulionyooka. Kazi yangu yote ya leo, kuanzia mashine ya kusagia hadi kitambaa cha kufutia, inahusu nyuso hizo mbili.

Saa 2:30 asubuhi

Mwanafunzi wa sekondari amefika na mama yake. Mwenzangu, mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho, ndiye anayempima, nami ninampokeza lenzi za majaribio. Chumba chetu kina urefu wa mita 3 ilhali ubao wa herufi unatakiwa usomwe kutoka mita 6, kwa hiyo ubao umetundikwa nyuma ya mgonjwa, herufi zake zimechapwa kinyumenyume, na ukuta wa mbele una kioo cha kujitazamia. Mwanga husafiri mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, na jicho halijui tofauti.

Kabla ya herufi huja retinoskopu, tochi ya kupimia macho. Mwenzangu anapitisha ukanda mwembamba wa mwanga mbele ya mboni, na kutoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira, hurudi mng'ao mwekundu. Kwa binti huyu mng'ao ulikwenda kinyume cha ukanda, ishara kwamba miale ilikuwa inakutana kabla ya kuifikia retina. Tuliweka lenzi ya mainasi 1.00, inayotawanya miale, na mwendo ukakoma. Kwa kuwa mpimaji huketi sentimita 67 kutoka kwa mgonjwa, dayopta (kizio cha nguvu ya lenzi) 1.50 za umbali huo huondolewa kwenye mainasi 1.00 hiyo, na jibu likawa mainasi 2.50.

"Lakini daftari lake analisoma vizuri tu," mama alisema. Ni kweli kabisa. Dayopta ni 1 kugawanywa kwa umbali wa fokasi, yaani pale miale inapokutana, kwa mita, na 1 kwa 2.50 ni sentimita 40, ambao ndio mpaka wa kuona kwake vyema bila miwani. Daftari lipo ndani ya mpaka, ubao wa darasani upo nje.

Binti mwenyewe aliuliza kwa nini akifungua macho ndani ya maji kila kitu huwa ukungu. Swali hilo lilinifurahisha kuliko yote ya asubuhi. Jicho lina nguvu ya takriban dayopta 60, na kiasi cha 43 kati ya hizo ni za konea, uso angavu wa mbele ya jicho, kwa sababu hapo ndipo mwanga unapotoka hewani na kuingia kwenye kitu kizito zaidi. Ndani ya maji tofauti hiyo karibu inatoweka: indeksi, yaani namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyopunguza kasi ya mwanga, ya maji ni 1.33 na ya konea ni 1.376. Konea haijabadilika umbo hata kidogo, bali uso wake umekosa cha kupinda.

Saa 4:15 asubuhi

Mzee mmoja ameleta lenzi moja tu, ya miwani iliyovunjika, akitaka nyingine kama hiyo. Lensomita ilikuwa na kazi, hivyo nikatumia njia ya mkono, ambayo mtu yeyote anaweza kuijaribu. Shika lenzi mbele yako, tazama kupitia kwake ukingo ulio wima wa dirisha, kisha isogeze taratibu kulia na kushoto. Ukingo ukienda upande ule ule inakoelekea lenzi, hiyo ni mainasi, yaani lenzi mbonyeo. Ukienda kinyume, ni plasi, lenzi mbinuko. Kisha izungushe bila kuisogeza. Ukingo ukipindapinda kama mkasi unaofunguka na kufunga, lenzi ina silinda, maana nguvu yake haiko sawa pande zote. Ya mzee ilikwenda kinyume na haikuwa na mkasi, na lensomita ilipopatikana ikasoma plasi 2.50, ya kusomea.

Saa 5:00 asubuhi

Sasa ni kusaga, na trei inayonipa kazi kuliko zote ni ya mainasi 8.00. Mteja alichagua fremu pana ya milimita 50, akaomba lenzi "isiyo nene". Hapa ndipo hesabu huleta ubishi. Uso wa mbele una plasi 2.00 na wa nyuma mainasi 10.00, jumla mainasi 8.00, kwa hiyo plastiki lazima inenepe kadiri unavyotoka katikati kwenda pembeni. Kwa plastiki ya kawaida, yenye indeksi karibu 1.50, ukingo unazidi katikati kwa takriban milimita 5. Kwa ile ya 1.67, ambamo kasi ya mwanga hushuka hadi kama kilomita 180,000 kwa sekunde, mkunjo mdogo zaidi unatosha kuupinda mwanga kiasi kile kile, na ziada hiyo inashuka hadi milimita 3.7.

Hata hivyo, unene wa pembeni hukua kwa mraba wa nusu kipenyo. Ukiiacha plastiki ya kawaida ila ukachagua fremu ya milimita 44, ziada inakuwa milimita 3.9, karibu sawa na lenzi ghali ndani ya fremu pana, mradi mboni ikae katikati ya fremu. Nilimpigia mteja simu nikamweleza hayo. Akakubali fremu ndogo, na nadhani tungewaeleza wateja wote hesabu hii kabla hawajalipa.

Kanuni inayotawala kupinda huko kwa mwanga tumezoea kuiita ya Snell, Mholanzi aliyeitambua mwaka 1621, lakini mwanahisabati Ibn Sahl alikwisha kuitumia kuchora maumbo ya lenzi huko Baghdad mnamo mwaka 984.

Saa 8:00 mchana

Baada ya chakula, mama mmoja alileta miwani aliyotengenezewa kwingine, mainasi 6.00 macho yote, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga kila jioni. Namba zilikuwa sahihi. Nilipotia alama vitovu vya lenzi kwa wino, vilikuwa milimita 70 kutoka kimoja hadi kingine, ilhali mboni zake zimeachana kwa milimita 62. Kila jicho lilikuwa linatazama milimita 4 kando ya kitovu, mahali ambapo nyuso mbili za lenzi haziko sambamba, na lenzi ikageuka kuwa prizimu, yaani kabari inayosogeza taswira kando. Milimita 4 ni sentimita 0.4, zidisha kwa 6.00 upate prizimu 2.4 kwa kila jicho, jumla 4.8, na macho yalilazimika kutanuka kwenda nje kutwa nzima, kazi ambayo misuli ya macho haiiwezi kwa muda mrefu. Lenzi hizo hazirekebishiki ndani ya fremu ile, zinatengenezwa upya.

Saa 10:30 alasiri

Dereva wa basi la usiku alitaka kujua kama lenzi zenye tabaka la kuzuia mng'aro zinastahili bei yake. Nilishika lenzi tupu chini ya taa ya mrija akahesabu taswira mbili za taa, moja kutoka kila uso. Kila uso wa plastiki hiyo huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga, hivyo kama asilimia 8 haifiki jichoni, na sehemu yake huzurura kati ya nyuso hizo na kuzaa vivuli vya taa, yaani taswira zake hafifu za ziada. Kwenye lenzi yenye tabaka zilibaki taswira mbili hafifu za kijani.

Alexander Smakula wa Zeiss, kampuni ya Kijerumani ya lenzi, ndiye aliyebuni tabaka hilo mwaka 1935. Tabaka moja la magnesiamu floraidi lina unene wa kama nanomita 100, robo ya urefu wa wimbi la mwanga wa kijani likiwa ndani yake. Wimbi linaloakisiwa chini ya tabaka hurudi likiwa limechelewa kwa nusu wimbi nyuma ya lile linaloakisiwa juu yake, kilele cha moja kikakutana na bonde la jingine, na badala ya kurudi mwanga huo hupita kwenda jichoni. Lenzi za siku hizi huwa na matabaka kadhaa.

"Basi taa za malori hazitaniumiza tena?" aliuliza. Nilimjibu kwamba zitaumiza, kwa kuwa mwanga unaokuja moja kwa moja unapita kama kawaida, tena kwa wingi zaidi kidogo. Kitakachopungua ni vivuli vya taa na mng'aro unaotokea nyuma yake. Nilimsihi pia aisuuze lenzi kwa maji kabla ya kuifuta, maana vumbi la barabarani likisuguliwa kwa shati huchora mikwaruzo, na kila mkwaruzo hutawanya mwanga wa taa hizo hizo anazozilalamikia.

Ameagiza. Lenzi zake zitatoka Dar es Salaam, kwa kuwa tabaka hilo hupakwa ndani ya chumba cha ombwe, nasi hapa tuna mashine ya kusagia tu.