Siku moja maishani mwangu: fundi wa kufunga gesi kwenye magari, Dar es Salaam

Saa 2:00 asubuhi. Mteja wa kwanza ni mama mwenye gari dogo la kwendea kazini, ambaye baada ya salamu ananiuliza, "Fundi, si nitakuwa nimekalia bomu?" Wengi huufananisha mtungi wa gari na ule wa jikoni, ilhali gesi ya jikoni ni nzito na ikivuja hutuama chini, na gesi asilia, ambayo ndiyo tunayoifunga kwenye magari, ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupaa na kutawanyika. Anasikiliza kwa makini, kisha anasema atashauriana na mumewe.

Saa 4:00. Ninafunga mtungi kwenye gari la teksi mtandao. Unakula nusu ya buti, na dereva huyu hubeba abiria wa uwanja wa ndege wenye masanduku. Nikimaliza kuunganisha mabomba, ninaingiza gesi kidogo, ninapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio na kuinama kutazama; kikitokea kiputo hata kimoja, ninakaza upya.

Saa 7:00 mchana. Ninapiga hesabu na mtumishi wa serikali. Kilo moja ya gesi huuzwa kwa takriban nusu ya bei ya lita ya petroli, nayo ina nishati ya karibu lita moja na nusu, hapo hatubishani. Tunabishana juu ya gharama ya kufunga, inayokaribia shilingi milioni 2, tena kwa mkupuo. Dereva wa teksi huirudisha ndani ya miezi michache, lakini huyu anayetoka Kimara kwenda mjini na kurudi atahitaji zaidi ya mwaka, na akisafiri kwao Mbeya njia karibu yote atatumia petroli kwa kukosa vituo vya gesi.

Saa 10:00 jioni. Tunapeleka teksi kujaza, na hapa ndipo ninapokiona kikwazo kikuu. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, mkoani Lindi, inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, lakini vituo vya kujazia magari vimeongezeka polepole kuliko magari tunayoyafunga. Foleni imetoka nje ya kituo hadi barabarani, na magari yakijaza mfululizo mgandamizo hushuka, mtu akaondoka na mtungi usiojaa. Tajiri, yaani mwenye gari, anasubiri hesabu yake ya siku vilevile.

Saa 1:30 usiku tunajaza. Dereva ananiuliza ni saa ngapi foleni huwa fupi. Ninamjibu kwamba ni saa 9 za usiku, naye anaanza kupanga atalala lini.