Nauli ya ofa, betri mkononi, na harusi inayosubiri Dar

Kutoka Moshi mjini mpaka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, yaani KIA, kama huna gari na bei ya teksi imekushinda, unapanda Coaster ya Arusha, unashuka njiapanda, halafu bodaboda inakumalizia kilomita kama sita zilizobaki. Naanzia hapo kwa sababu kila anayeniuliza habari za ndege za bei nafuu ananionyesha namba moja tu kwenye simu yake, ile ya ofa. Bodaboda haimo kwenye namba hiyo. Begi halimo, kiti cha dirishani hakimo, na wala haimo habari kwamba Jumamosi saa nane mchana kuna bibi harusi atakayekuwa mlangoni mwa kanisa Dar es Salaam akikusubiri wewe na kamera zako.

Mimi ni mpiga picha za harusi. Sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, inafanyika huku kwao, Alhamisi au Ijumaa, na ndoa inafungwa Dar Jumamosi kwa kuwa bwana harusi na ndugu zake wako huko. Kwa basi, Moshi mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, siku nzima barabarani, na mtu aliyekesha kwenye sendofu hawezi kushuka stendi ya Mbezi akashika kamera ikatulia. Kwa ndege ni kama saa moja. Nazipenda ndege za bei nafuu, na nasema hivyo kwa moyo wote. Bila hizo nisingekuwa na mteja hata mmoja wa Dar.

Watu wa rika langu wanakumbuka shirika la fastjet lilipoanza, Novemba 2012, na zile Airbus A319 zilizokwenda Kilimanjaro na Mwanza kutokea Dar, nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya tozo za serikali. Mtaani kwetu ndege ilikuwa ya watalii na ya watu wa serikali. Jirani yetu anayeuza nguo Kiboriloni akaanza kwenda Kariakoo asubuhi na kurudi jioni, na aliporudi mara ya kwanza watoto walimfuata mpaka mlangoni kumuuliza mawingu yakoje kwa juu. Mwishoni mwa 2018 safari za shirika hilo hapa nchini zikasimama, lakini mazoea yalibaki: kuwinda ofa, kulipa kwa simu, kusafiri na begi moja dogo.

Sasa hilo begi dogo ndilo lenye mambo. Kikomo unachokutana nacho mara nyingi ni kilo saba mkononi. Weka bodi mbili za kamera, lenzi tatu, flashi mbili, chaja na kompyuta, unafika kilo tisa na kitu hata kabla ya shati la kubadilisha. Siku moja dada wa kaunta aliliweka langu kwenye mizani, akasema kwa upole, "Kaka, hili linakwenda chini," akaanza kulifunga tegi. Nikamwomba asubiri, nikafungua zipu nikamwonyesha betri. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini, ni lazima zikae na abiria. Sababu yake ni ya maana sana: betri ikipata shoti na kushika moto ndani ya kabini, wahudumu wataiona na kuizima, ila ikiwaka kule chini kwenye mizigo hakuna mtu wa kuiona. Dada akaniitikia, akanipa nafasi pembeni ya kaunta nikazitoa zote moja moja. Huwa naziba ncha zake za chuma kwa seloteipu, kila moja peke yake, ili zisigusane na funguo au sarafu.

Na wewe usiyekuwa mpiga picha, pawabenki yako iko kwenye sheria hiyohiyo. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Chukua namba ya mAh iliyoandikwa juu yake, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa volti za betri, ambazo kwa kawaida ni 3.7. Ya 20,000 inatoa 74, inapita vizuri. Ya 30,000 inatoa 111, na hiyo inahitaji kibali cha shirika, kwa hiyo usishangae ikichukuliwa pale kwenye ukaguzi. Nimeona wanafunzi wakinyang'anywa pawabenki mpya kabisa, na hakuna aliyewaeleza kwa nini.

Jambo jingine linalotuumiza sisi hasa ni majina. Mama mkwe wangu alikatiwa tiketi na mjukuu wake, kijana mwenye nia njema kabisa, akaandika jina la bibi kama anavyolijua yeye: jina la ubatizo na jina la ukoo wa babu. Kitambulisho cha NIDA cha mama mkwe kina jina la baba yake mzazi, kwa sababu ndivyo alivyoandikishwa. Pale kaunta akaambiwa kubadilisha jina ni sawa na kununua tiketi upya, kwa bei ya siku ile. Mama wa watu akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, kikapu cha parachichi miguuni, akawa anakunja na kukunjua ule ukaratasi wa tiketi mpaka ukachanika kwenye mkunjo. Hakulalamika. Aliyemwokoa ni msimamizi wa zamu, aliyemuuliza kama ana karatasi yoyote yenye jina lile jingine. Alikuwa na kadi ya bima ya afya aliyokatiwa na mumewe. Akapita. Nawasihi vijana mnaowakatia wazee tiketi: mwombeni mzee awapigie picha kitambulisho, muandike jina herufi kwa herufi kama lilivyo pale.

Niseme kidogo hizi ndege zinavyoweza kuuza nauli ndogo, maana ukielewa hapo utaelewa na kuchelewa kwake. Mfumo huu ulikomaa Marekani kwa shirika la Southwest, lililoanza kuruka mwaka 1971, mwaka uleule KIA ilipofunguliwa. Mwaka 1972 pesa ziliwaishia, wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo, na ratiba hawakuipunguza. Walichofanya ni kuhakikisha ndege ikitua inashusha, inapakia na kuondoka ndani ya dakika 10. Siri ndiyo hiyo mpaka leo: ndege isikae chini, maana ikikaa chini inakula hela na haiingizi. Kwa shirika lenye ndege chache, ndege iliyoanza siku Dar inakuja kwetu, inarudi Dar, inakwenda Mwanza, inarudi, inakwenda Mbeya. Ikikwama saa moja asubuhi, wa jioni atailipa ile saa, mara nyingi na riba. Ndiyo maana safari ya kwanza ya siku ina nafuu kuliko ya jioni, na ndiyo maana Jumamosi ya harusi nakata ya kwanza.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia nilikuwa nimekata hiyohiyo ya kwanza, ya saa mbili na robo asubuhi. Shirika sitalitaja. Saa kumi na moja alfajiri uliingia ujumbe wa simu, kwa Kiingereza, kwamba safari imesogezwa na tutajulishwa. Nikaenda uwanjani hivyohivyo na msaidizi wangu. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Kwenye skrini liliandikwa neno moja tu la kuchelewa, bila saa. Kaunta ilikuwa tupu. Mama aliyekaa karibu nami alinipa simu yake nimsomee ule ujumbe. Alikuwa na mtoto mgongoni, na tiketi nyingine ya kutoka Dar kwenda Mtwara, ya shirika tofauti, aliyoinunua peke yake. Hapo kuna jambo la kujua: tiketi mbili za mashirika mawili hazijuani. La kwanza likichelewa, la pili linaondoka, na hakuna anayewajibika kukuhamishia safari. Sikuwa na moyo wa kumwambia pale. Nikamwambia baadaye kidogo, kwa sababu niliona ni haki yake kupiga simu Mtwara mapema.

Watu walianza kupandisha sauti. Mzee mmoja aliyevaa koti zito alisimama akauliza kwa nguvu kama kuna mtu yeyote mwenye kazi yake ndani ya jengo lile. Hakuna aliyemjibu.

Ilipokaribia saa nne na nusu akatoka binti mdogo wa sare, peke yake, bila kipaza sauti. Akasimama katikati yetu, si nyuma ya kaunta, akasema: "Wazazi wangu, kaka zangu na dada zangu, naomba niwaambie ukweli. Ndege yetu iko Mwanza, ina hitilafu, na mafundi wanasubiri kipuri kutoka Dar. Hata ikipona sasa hivi haifiki hapa kabla ya saa saba. Anayetaka kurudishiwa nauli aje niandike jina lake. Anayesubiri, aje pia nimwandike, nitamtafutia chai." Sauti ilikuwa inatetemeka. Mzee wa koti akamwambia, "Ahsante binti, sasa umetuheshimu," akakaa.

Sijawahi kuona chumba kikibadilika upesi namna ile. Vijana wawili wakaamua kuchukua basi. Yule mama akapiga simu Mtwara. Mimi nikampigia mpiga picha mwenzangu wa Tabata, ambaye kwa bahati hakuwa na kazi hadi jioni. Aliniuliza mambo matatu: kanisa gani, nani anamkabidhi binti, na mapadri wanaruhusu flashi? Nikamtumia kwa sauti orodha ya picha ambazo familia hii isingesamehe kuzikosa: baba akimfunua binti shela, bibi wa Marangu akiwabariki, mikono wakati wa kusaini cheti. Alifika kanisani kabla ya maharusi. Ndege yetu iliondoka karibu saa nane, na mimi nikawahi kuanzia picha za ufukweni na kuingia ukumbini. Wiki mbili baadaye, nilipopeleka albamu, mama wa bibi harusi aliipitia polepole, akaweka kidole kwenye ile ya shela na kusema, "Mwanangu, hii si ya mkono wako." Ni picha nzuri. Lakini alisema kweli, na nilimrudishia sehemu ya malipo.

Ndiyo maana naliandika jambo hili. Nauli ndogo inaeleza kwa nini sikupewa chakula, kwa nini begi linalipiwa, hata kwa nini hakuna ndege ya akiba. Haielezi zile saa za kukaa kimya. Kusema ukweli hakuhitaji kipuri kutoka Dar. Binti yule angeruhusiwa kutoka saa moja asubuhi na maneno yaleyale, mama wa Mtwara angebadilisha tiketi yake, na mimi na msaidizi wangu tungekuwa tumeshajipanga upya. Na ujumbe wa simu uandikwe kwa Kiswahili. Abiria wa Moshi kwenda Dar si mtalii.

Desemba ni habari nyingine. Wachagga wanarudi nyumbani, wenyewe mnajua mnavyotutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa, na nauli ya ndege inapanda kadiri viti vinavyopungua. Nauli ya basi ina kikomo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya ndege inakwenda na soko. Tunaojua tunakata Septemba. Ukipata ya asubuhi kutoka Dar, chukua dirisha la kulia, mlima utauona. Ukirudi Dar, kushoto.

Kuhusu ile Jumamosi, niliandika barua. Nilikuwa nimetunza bodingi pasi, tegi ya begi na ule ujumbe wa simu, na nilieleza saa kwa saa bila matusi. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika, na siku 21 kwa lililochelewa, zikihesabiwa tangu ulipokabidhiwa. Safari yangu ilikuwa ya ndani, lakini nimejifunza kuishi kana kwamba siku ni hizohizo. Shirika lilijibu, likatupa vocha mbili za safari nyingine, zenye mwisho wa matumizi. Nilizirudisha. Nilichoomba ni maelezo ya kwa nini hatukuambiwa mapema, na jina la yule binti lipelekwe kwa wakubwa wake kwa pongezi. Hayo mawili hayajajibiwa. Nakala ya barua ya pili nimeipeleka Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), ambalo lipo kwa ajili ya abiria kama sisi. Wameipokea, nasubiri.