Maji yanayotoka bwawani: ninavyofuga mwatiko bila kudhuru mikoko

Watu wa pwani wanapoyalalamikia mabwawa ya samaki, mara nyingi malalamiko yao ni ya kweli: mikoko imekatwa, tope limemwagwa horini (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu), mbu wamezidi. Yote matatu yanazuilika. Huku Kilifi, ninakofuga mwatiko, samaki wa maji ya chumvi, nayazuia hivi.

Bwawa liko nyuma ya mikoko, kwenye uwanda wa chumvi unaofikiwa na maji ya bamvua peke yake, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kukata mikoko bila kibali ni kosa, na hata ukiruhusiwa utakula hasara. Udongo wake una salfa nyingi; ukiuchimbua ukapigwa na hewa, hutoa asidi. Mvua ikinyesha huikokota kutoka kwenye kingo hadi bwawani, pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikawa chini ya 4 na vifaranga vikafa. Kwa hiyo kabla ya kuchimba nachukua udongo wa kila kina, nautandaza mwembamba wiki kadhaa huku nikiuweka na unyevu kidogo, kisha naupima. Ukiwa mkali, nahama. Chokaa ya kutibu udongo wa namna hiyo haina mwisho.

Naweka kifaranga kimoja kwa kila mita ya mraba. Wakiwa wachache hivyo, mwatiko hushiba mwani na pumba kidogo, na uchafu hauwi mwingi. Kinyesi kibichi cha kuku situmii kurutubishia mwani, maana huweza kubeba bakteria wa salmonela na mabaki ya dawa walizopewa kuku. Natia kilichooza kikapoa kabisa. Nazamisha sahani nyeupe kwa kamba: ikipotea machoni kabla ya sentimita 30, naacha mbolea. Mwani ukizidi humaliza oksijeni usiku, na alfajiri utawaona samaki wakihema juu ya maji.

Siku ya kuvua ndiyo yenye madhara makubwa. Maji ya juu huwa safi kiasi, basi natoa mbao za mlango wa maji moja moja kuanzia juu, polepole. Yale ya mwisho, yaliyokorogwa na nyavu na miguu, siyaachii horini. Huingia kwenye kidimbwi cha kutuamisha, chenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi ya bwawa, yakatulia siku mbili. Tope likikauka narekebishia kingo; shamba la mboga halifai, lina chumvi.

Utupa, mmea wenye sumu ya kuua samaki walao vifaranga, sitii. Ukitoka na maji huua pia samaki wadogo waliojificha kwenye mizizi ya mikoko. Nakausha bwawa mpaka sakafu ipasuke, na kwenye mlango naweka wavu wa matundu madogo.

Kuhusu mbu: Anopheles merus, mmoja wa wanaoeneza malaria pwani, huzaana kwenye maji ya chumvi. Bwawa lenye samaki, kina cha sentimita 80 na kingo zisizo na majani halimfai sana. Hutaga zaidi kwenye vidimbwi vya nje: mashimo yaliyotolewa udongo wa kingo, nyayo za ng'ombe, maji yaliyosalia bamvua ikipungua. Navizungukia kila wiki, navifukia au navichimbia mfereji, kwa sababu kiluwiluwi akiachwa zaidi ya hapo hugeuka mbu akaruka.