Fimbo tatu za "his"

Darasa la sita nilichapwa fimbo tatu kwa neno moja. Kwenye insha ya Kiingereza nilikuwa nimeandika "Juma his book is lost" badala ya "Juma's book", maana kichwani sentensi ilikuja hivyo: Juma kitabu chake kimepotea. Mwalimu akaisoma kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko, na mpaka tunamaliza shule jina langu likawa Hizi.

Miaka ikapita, nikaenda kusoma Uingereza. Jumapili moja bibi aliyenipangisha chumba akaniomba nimsindikize kwenye ibada ya jioni. Mimi Mwislamu wa Tanga, lakini mtu wa umri ule humkatalii. Tukakaa nyuma. Akanipa kitabu chake cha sala, cheusi, pembe zimelika, kurasa nyembamba kama karatasi za kusokotea sigara. Sala zenyewe ni za mwaka 1662. Kasisi anasoma, mimi namfuata kwa kidole, mpaka mwisho wa dua moja: "And this we beg for Jesus Christ his sake."

Kidole kikaganda palepale. Bibi akanitazama akidhani nimeguswa na Roho.

Kesho yake nilishinda maktaba. Kumbe hata Ben Jonson, mwandishi wa Uingereza, tamthilia yake ilichapwa mwaka 1605 kwa jina la Sejanus his Fall! Kwenye Kiingereza cha zamani sana mfalme alikuwa cyning, na cha mfalme kikawa cyninges. Hiyo -es ilikuwa ya baadhi ya majina tu. Mengine yalichukua -e au -an. Baadaye -es ikayameza karibu yote, huku of nayo ikijitanua. Sasa his ikitamkwa haraka, h inadondoka, na sikio haliitofautishi tena na -es. Basi watu wakaandika his. Wapo wasomi walioamini kabisa kwamba 's ni his iliyokatwa. Hawakujiuliza malkia naye, ambaye ni her, hiyo 's kaitoa wapi. Ritifaa ile, yaani kile kialama cha juu kwenye 's, imeshika tu nafasi ya e ya -es.

Usiku nikampigia simu rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, nikamsomea ule mstari wa dua. Akanyamaza kidogo.

"Sasa Hizi," akasema, "zile fimbo tatu tukazidai wapi?"