Nilivyofika udaktari wa meno kutoka Newala bila kuzungushwa

Ushauri ulionikera kuliko wote nilipewa nikiwa nyumbani Newala, nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Jamaa mmoja aliyewahi kuishi Marekani aliniambia huwezi kusomea meno moja kwa moja. Usome kwanza digrii ya baiolojia, ndipo uombe. Kwa Marekani ni kweli: wengi wao humaliza digrii ya miaka minne, wakafanya DAT, mtihani wa kuingia vyuo vya meno, kisha wakasoma meno miaka mingine minne. Kwetu DDS, yaani digrii ya udaktari wa meno, ndiyo digrii ya kwanza yenyewe, miaka mitano pale chuo cha Muhimbili, halafu mwaka wa intern, yaani mafunzo ya kazini. Ningemfuata, ningepoteza miaka mitatu na mkopo wa Bodi ya Mikopo juu yake, maana mkopo huo hautolewi kwa digrii ya kwanza mara mbili. Inaniuma kwamba kuna wadogo zangu bado wanaambiwa hivyo.

Maandalizi ni kidato cha tano na sita, na tahasusi ni PCB: fizikia, kemia na baiolojia. CBG, yenye jiografia badala ya fizikia, haikufikishi, hata uwe unaipenda jiografia namna gani. Wengi wanaipa fizikia mgongo wakitegemea baiolojia iwabebe; mimi fizikia niliisoma alfajiri, kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini kitu ninachojivunia zaidi hakikuwa darasani. Tabibu wa meno aliyenikubalia nikae kumtazama akifanya kazi aliniambia, "Mdogo wangu, masomo utafaulu, ila mikono je?" Nikamwendea mjomba, ambaye msimu wa korosho ukiisha huchonga mpingo. Hakunipa mpingo. Alinikatia kipande cha sabuni ya mche na kisu kidogo chembamba, akasema, "Mpwa wangu, toa kidogo kidogo. Ukishatoa hurudishi."

Nikachonga gego la kwanza la taya la chini kutoka kitabuni: vilele vitano, vitatu upande wa shavu, viwili upande wa ulimi, mizizi miwili. Mwanzoni vilele vilikuwa vinamegeka, hasa kile kidogo cha nyuma. Mjomba akagundua sabuni imekauka mno. Akaifunga kwenye kitambaa chenye unyevu usiku kucha, na asubuhi ikakatika laini bila kupasuka. Akanifundisha kuegemeza kidole gumba kwenye sabuni yenyewe ili kisu kisiteleze, na kuligeuza jino badala ya kuzungusha mkono. Likizo nzima mama alifulia magego. Chuoni tulipopewa nta tuchonge meno, wenzangu walikuwa wanahangaika na kushika kisu. Mimi nilikuwa nasawazisha bonde la katikati ya vilele. Na mwalimu alipokuja kutufundisha kutoboa jino, alisisitiza kidole kipate pa kuegemea, vilevile kama mjomba.

Waliosoma diploma ya meno nao wanaingia DDS wakiwa na ufaulu mzuri, kwa hiyo alama zikikukatalia usidhani umefungiwa.

Cheti cha kuzaliwa kihakikishe mapema RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa. Kwa wanaotegemea korosho: minada huanza karibu na Oktoba, na pesa hupitia chama cha msingi cha ushirika baadaye, wakati chuo nacho kinafungua. Nauli, godoro, vifaa na cha kujikimu hadi mkopo uingie vilikula laki kadhaa, na vyote vilitoka kwenye pesa za korosho za msimu wa nyuma ambazo mjomba alikuwa ameziweka akiba.